Manamba wa San Pedro

Babu yangu mzaa baba alifika Tanga akiwa kijana, na siku aliyofika shambani akapewa namba. Iliandikwa kwenye kipande, ile kadi ya kazi. Namba hiyo ndiyo iliyoitwa alfajiri kwenye mstari, ndiyo iliyoitwa siku ya mshahara, na ndiyo iliyotupa jina ambalo watu wa mjini walitutupia kama tusi: manamba. Baba alizaliwa kambini. Mimi pia nilizaliwa kambini, katikati ya mkonge ambao miche yake ya kwanza Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida mwaka 1893. Nilihamia Marekani nikiwa mtu mzima bila kujua kwamba mmea ulionilea uliletwa kwetu kutoka huku.

Nayaleta haya kwa sababu ya besiboli.

Hapa Columbus, Ohio, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Mwenzangu wa zamu ni Mdominika, mtu wa makamo, anaendesha foklifti. Miezi ya mwanzo tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza na mikono. Usiku mmoja wakati wa mapumziko akaniuliza nimezaliwa mahali pa namna gani. Nikamweleza: mistari ya mkonge mpaka macho yachoke, nyumba za kambi zimepangwa safu kwa safu, kengele kabla jua halijatoka, mlio wa korona, ile mashine ya mkonge, ikisaga majani, na Jumapili timu ya shamba inacheza na timu ya shamba jirani huku meneja amekaa kwenye kiti peke yake. Akaniacha nimalize. Kisha akatoa simu akanionyesha picha ya kwao, batey moja nje ya San Pedro de Macorís, yaani kambi ya wakata miwa. Ni kwetu kabisa. Tofauti ni kwamba mahali pa mkonge pamekaa miwa, na mahali pa goli la miti pamekaa uwanja wa besiboli.

Tangu usiku ule nimeufuatilia mchezo huu kama mtu anayefuatilia habari za ndugu zake.

Watu wengi huku wanaamini besiboli ilipelekwa Jamhuri ya Dominika na wanajeshi wa Marekani walioikalia nchi hiyo kuanzia 1916 hadi 1924. Wanajeshi hao waliukuta mchezo tayari una wenyewe. Walioupeleka ni Wakuba waliokimbia vita vyao vya kwanza vya kudai uhuru, vita vya miaka kumi vilivyoanza 1868. Walikimbia na vitu viwili, ujuzi wa kusindika sukari na besiboli, na vyote viwili vikashika mizizi upande wa San Pedro. Viwanda vilipokua vikahitaji mikono, ikaletwa mikono kutoka visiwa vya jirani vilivyokuwa chini ya Waingereza. Watu hao, ambao Wadominika waliwaita cocolo, walikuja na kriketi yao. Wajukuu wao wakaweka chini gongo la kriketi wakashika la besiboli. Kila kiwanda kikawa na timu yake, na mtu aliyejua kupiga mpira aliweza kupumzishwa panga.

Nilipoyasoma haya nilimkumbuka jirani yetu kambini, beki wa kulia, ambaye msimu wa mechi hakuwahi kupelekwa kukata mkonge. Alipewa kazi ya kuhesabu matita.

Kutoka mji huo mmoja tu, uliozungukwa na kambi kama hizo, wametoka Sammy Sosa, Alfonso Soriano, Robinson Canó, Fernando Tatis Jr. na wengine wengi. San Pedro inasifika zaidi kwa mashotistopu. Huyo ni mchezaji anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, pale ambapo mipira mikali zaidi hupita chinichini, na anatakiwa audake na kuurusha kwa pumzi moja. Mwenzangu alikuwa shotistopu. Hata leo akirushiwa funguo gizani huzidaka kwa mkono wa kushoto bila kugeuza kichwa.

Kila mwaka ligi inapofunguliwa, wakubwa wa Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani hutangaza idadi ya wachezaji waliozaliwa nje ya majimbo 50 ya nchi hiyo. Mwaka 2025 walikuwa 265 kati ya 954, sawa na asilimia 27.8. Wadominika peke yao walikuwa 100, Wavenezuela 63, Wakuba 26. Kwa asilimia, kilele kilifikiwa mwaka 2017, wachezaji 259 kati ya 868, karibu asilimia 30. Kwenye ligi za chini, zile zinazolisha Ligi Kuu, sehemu yao ni kubwa zaidi. Jamhuri ya Dominika ina watu takriban milioni 11, wachache kuliko jimbo hili la Ohio ninaloishi.

Tangazo hilo hutolewa kwa fahari, na sina ugomvi na fahari hiyo. Mlango huu ulikuwa umefungwa. Mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza ligi hii, awe amezaliwa Georgia au Santo Domingo. Mdominika wa kwanza, Ozzie Virgil, aliingia mwaka 1956 na New York Giants. Miaka miwili baadaye alipohamia Detroit Tigers, yeye mgeni ndiye akawa mchezaji mweusi wa kwanza wa timu hiyo. Baada yake wakaja ndugu watatu wa ukoo wa Alou, waliowahi kusimama pamoja uwanjani kwa timu moja mwaka 1963, na Juan Marichal, aliyekuwa akiinua mguu juu ya kichwa kabla ya kurusha.

Na yupo Roberto Clemente. Kwake nitakaa kidogo.

Clemente alizaliwa Carolina, Puerto Rico, mwaka 1934. Kwa sheria alikuwa raia wa Marekani, kwa sababu watu wa Puerto Rico wamepewa uraia tangu 1917, lakini Pittsburgh ilimpokea kama mgeni mara mbili: kwa rangi yake na kwa lugha yake. Waandishi wa magazeti walikuwa wakiandika Kiingereza chake kama kilivyosikika masikioni mwao, herufi kwa herufi, ili wasomaji wacheke. Kadi za wachezaji zikamwandika Bob, jina ambalo hakulitaka. Alilalamika wazi, na kwa kulalamika akaitwa mkorofi. Nimeishi huku muda wa kutosha kujua uchovu wa mtu ambaye kila siku lazima asahihishe jina lake mwenyewe.

Alicheza misimu 18, yote Pittsburgh. Msimu wa 1972 ulipomalizika alikuwa ametimiza mapigo 3,000 halali, sio moja zaidi. Desemba hiyo tetemeko likaibomoa Managua, mji mkuu wa Nicaragua. Clemente alikusanya misaada, na aliposikia kwamba inaibwa na watu wa serikali ya dikteta Somoza kabla ya kuwafikia waathirika, akaamua kuipeleka mwenyewe. Tarehe 31 Desemba akapanda ndege kuukuu iliyopakiwa kupita kiasi. Ilianguka baharini mara tu ilipopaa Puerto Rico, na mwili wake haukupatikana. Mwaka uliofuata alifunguliwa Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli bila kungojea miaka mitano inayotakiwa baada ya mchezaji kuacha kucheza, wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini. Mwenzangu, ambaye Clemente alikufa kabla yeye hajazaliwa, ana picha yake ndogo kwenye pochi, pamoja na picha ya mama yake.

Kwa hiyo namba zile za kila mwaka zina historia ya watu waliopigania mlango. Tatizo langu ni kwamba zinamhesabu aliyefika peke yake.

Nieleze njia yenyewe. Kijana aliyezaliwa Marekani, Kanada au Puerto Rico huingia kwenye utaratibu wa kila mwaka ambapo klabu 30 hugawana vijana kwa zamu, na kwa kawaida anakuwa amemaliza sekondari au yuko chuo. Kijana wa Dominika au Venezuela hana utaratibu huo. Anaweza kusajiliwa akiwa na miaka 16. Na kwa kuwa bei yake hupangwa siku hiyo anapofikisha umri, maandalizi yanaanza mapema sana: imeripotiwa mara nyingi kwamba klabu hukubaliana kwa mdomo na watoto wa miaka 12 au 13. Klabu zote 30 zina akademi Jamhuri ya Dominika. Dodgers walifungua yao, Campo Las Palmas, mwaka 1987, na ikawa mfano kwa wengine: mabweni, chakula cha kutosha, viwanja vya nyasi, masomo ya Kiingereza.

Kati ya mtoto na akademi yupo buscón. Kiswahili kina neno lake tayari, dalali. Dalali humtoa mtoto kwao, humlisha, humfundisha, humpeleka kwa maskauti, yaani watafuta vipaji wa klabu, na siku ya usajili hukata fungu lake, mara nyingi asilimia 30 au zaidi. Wapo madalali ambao bila wao mtoto asingepata hata viatu, na mwenzangu huwatetea hao kwa nguvu. Wapo pia waliowadunga watoto sindano za kuongeza misuli.

Mwenzangu mwenyewe alichukuliwa na dalali akiwa na miaka 13. Shule ikaishia hapo. Waliishi vijana 12 kwenye nyumba moja, mazoezi asubuhi na jioni, na cheti chake cha kuzaliwa kilikaa ndani ya bahasha kwenye droo ya dalali, pamoja na vya wenzake 11. "Mama hakukiona tena mpaka niliposaini," aliniambia. Alisaini akiwa na miaka 17 kwa dola 6,000. Theluthi ikaenda kwa dalali. Kwa zilizobaki mama yake alipiga bati na kumwaga sakafu ya saruji. Alicheza misimu mitatu kwenye ligi ya majira ya joto ya Dominika, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa, kisha akiwa na miaka 20 akatemwa. Aliitwa ofisini saa mbili asubuhi, na saa tano alikuwa kwenye basi la kurudi San Pedro. Klabu iliyomsajili siitaji, mwenyewe hakutaka. Kukanyaga Marekani alikuja kukanyaga miaka mingi baadaye, kwa ndoa.

Yeye hayumo kwenye asilimia yoyote.

Wenye klabu wana hesabu yao, na haifichiki. Kwa pesa ya kumsajili Mmarekani mmoja wa kiwango cha kati, kwa miaka mingi uliweza kuwasajili Wadominika watano, ukawaweka akademi, ukangoja mmoja atoboe. Sosa alisajiliwa mwaka 1985, akiwa na miaka 16, kwa dola 3,500. José Altuve wa Venezuela alirudishwa nyumbani siku ya kwanza ya majaribio kwa sababu ya ufupi, akarudi kesho yake, akasaini kwa dola 15,000, na mwaka 2017 akawa mchezaji bora wa ligi yake. José Ramírez, kipenzi cha Cleveland na cha nusu ya watu wa ghala letu, alitoka Baní mwaka 2009 kwa dola 50,000. Juan Soto alipata milioni 1.5, na Desemba 2024 akasaini na New York Mets mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765. Kila mama wa San Pedro anayajua majina haya. Ndiyo yanayomfanya amfungashie mtoto wa miaka 13 nguo zake.

Na umri ndio mtaji wote. Mkono unaorusha vizuri ukiwa na miaka 16 una thamani kubwa, mkono uleule ukiwa na miaka 20 hauna mnunuzi. Ndiyo maana vyeti vikaanza kuchezewa. Mwaka 2006 Washington Nationals walilipa dola milioni 1.4 kwa kijana wa miaka 16. Mwaka 2009 ikabainika kwamba jina halikuwa lake na alikuwa amezidi miaka minne. Sisi tuliokua na mpira wa miguu hatuwezi kuwanyooshea kidole. Serengeti Boys waliondolewa kwenye fainali za vijana za Afrika mwaka 2005 kwa suala hilohilo la umri. Mtu akishaweka bei kwenye mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuzaliwa utauzwa.

Wakuba wana njia yao ngumu zaidi, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Desemba 2018 ligi ilifikia makubaliano na chama cha besiboli cha Kuba ili wachezaji waondoke kihalali, na Aprili 2019 serikali ya Marekani ikayafuta. Kabla ya hapo na baada ya hapo wamepita kwenye boti za magendo. José Abreu, aliyekuja kuwa nyota wa Chicago White Sox, alieleza mahakamani Miami mwaka 2017 kwamba akiwa ndani ya ndege kutoka Haiti aliila karatasi ya pasipoti yake bandia, akaisukuma kwa bia, ili asikamatwe nayo. Nilimsomea mwenzangu habari ile. Hakushangaa. Aliuliza tu kama bia ilikuwa baridi, halafu akanyamaza muda mrefu.

Wapo Wamarekani wanaosema wageni wamewapora watoto wao nafasi, hasa watoto weusi. Mwaka 1981 Wamarekani weusi walikuwa karibu asilimia 19 ya ligi, siku hizi ni kama asilimia 6. Fainali za mwaka 2022, Houston dhidi ya Philadelphia, hazikuwa na hata mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1950. Kuna uchungu wa kweli hapo, katika mchezo ambao kila Aprili wote huvaa namba 42 ya Robinson. Lakini Mdominika hakumfukuza mtu. Besiboli ya vijana Marekani imekuwa mchezo wa wazazi wenye pesa, timu za kusafiri, kocha wa kulipia, magongo ya mamia ya dola. Klabu ambayo ingejenga viwanja kwenye mitaa ya weusi ya Cleveland iliona akademi ya Boca Chica, kule Dominika, ni nafuu. Walioamua ni walewale, kwa pande zote mbili. Naomba mtu anayewalaumu wachezaji aangalie kwanza nani anashika daftari.

Yamebadilika machache. Tangu 2016 kila klabu lazima iwe na mkalimani wa Kihispania, jambo ambalo Carlos Beltrán wa Puerto Rico alilipigania. Hebu fikiria: zaidi ya nusu karne tangu Clemente aanze kuchekwa kwenye magazeti. Mwaka 2017 Atlanta Braves walinyang'anywa vijana 13 kwa kuvunja kanuni za usajili. Mwaka 2022 ligi ilipendekeza vijana wa nje nao wagawanywe kwa zamu kama Wamarekani, chama cha wachezaji kikakataa. Mimi nisingekataa haraka hivyo, ingawa naelewa hofu yao kwamba bei ya kijana itashuka zaidi. Ninachokitaka ni kidogo: mtoto asiguswe kabla ya miaka 16, na klabu inayomtema imlipie shule aliyoiacha.

Sasa njia hii imefika upande wetu. Mwafrika wa kwanza kwenye Ligi Kuu alikuwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia kwenye chumba cha klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates, alipiga salama kwenye zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga. Uganda nayo ina watoto wanaocheza kwa umakini. Mwaka 2011 timu yao ilipata nafasi ya kwenda fainali za dunia za watoto Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza kwa sababu ya utata wa nyaraka za kuzaliwa. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza ya Afrika. Mwaka 2015 Waganda walirudi na wakaifunga Jamhuri ya Dominika. Mwaka 2022 Dodgers wakasajili warushaji wawili wa Kiganda, kisha Pirates wakamsajili David Matoma, ambaye mkono wake hufikisha mpira maili 100 kwa saa, na safari yake ilianzia kwenye ligi ileile ya Dominika alikotemwa mwenzangu.

Dada yangu ameolewa Uganda. Mwezi uliopita alinitumia video ya mpwa wangu, ana miaka 13, anadaka mipira kwenye uwanja wa vumbi. "Mdogo wangu, huyu mtoto hasikii la mtu, ni besiboli tu," alisema kwenye sauti. "Na kuna mtu amekuja kumwona, anataka kumchukua akakae na wenzake Kampala." Mwishoni mtoto mwenyewe akachungulia kamera akapunga mkono: "Mjomba, umeona nilivyodaka?"

Niliipeleka video kazini. Mwenzangu aliiangalia mara tatu. Mara ya kwanza alitabasamu, akanionyesha kwa kidole jinsi mtoto anavyotanguliza mguu wa kushoto. Mara ya pili aliangalia viatu. Mara ya tatu aliisimamisha, akanirudishia simu.

"Cheti chake cha kuzaliwa anacho nani?"

Nikamtumia dada swali lile palepale, saa nane ya usiku kwetu, asubuhi kwao. Jibu lilikuja kabla mapumziko hayajaisha.

"Yule mtu alikichukua juzi. Kwani vipi?"